Msimu wa salfa ukikaribia na mtoto wako ana pumu

Huku kwetu Tandahimba, mkoani Mtwara, mikorosho ikianza kutoa maua, salfa inafuata, ule unga wa njano tunaoipulizia. Bila salfa ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, unakausha maua na korosho hupati, kwa hiyo simwambii mtu aache kupulizia. Korosho ndiyo inayomnunulia mwanangu daftari, na ndiyo inayomnunulia dawa. Lakini vumbi lile la njano likimfikia, kifua kinabana, usiku kinapiga mluzi, na alfajiri unamkuta ameketi kitandani, ameinama mbele, mabega juu, anaitafuta hewa. Ana miaka 9 sasa. Mzazi mwenzangu unayeanza safari hii, nakupa niliyoyapata kwa misimu minne.

Anza kabla mashine ya kwanza haijanguruma. Inhela, yaani vikopo vya dawa ya kuvuta kwa mdomo, ziko mbili, na wengi wetu tunaijua moja tu. Salbutamol, ambayo mara nyingi ni ya bluu, inafungua njia ya hewa ndani ya dakika chache, na baada ya saa chache nguvu yake imekwisha. Beclomethasone, mara nyingi ya kahawia, inatuliza uvimbe ulioko ndani ya mirija. Hii hutumika kila siku hata mtoto akiwa anacheza vizuri, na inachukua wiki kadhaa kukolea. Rangi hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda, soma jina. Msimu wa kwanza mimi niliiacha ya kahawia baada ya siku tano, nikasema haina kazi, kwa kuwa nilitaka ifanye haraka kama ya bluu. Tukalazwa siku tatu. Tangu hapo naenda kliniki mwezi wa nne, na mtoto akishavuta ya kahawia anasukutua na kutema maji, asipate utando mweupe mdomoni.

Hesabu dawa. Inhela yetu ina mikupuo 200. Mwanangu anavuta miwili asubuhi na miwili jioni, kwa hiyo inaisha siku ya 50. Naandika tarehe ya kwisha kwa kalamu juu ya inhela yenyewe. Kuitikisa usikie kama imo hakutoshi, maana dawa ikiisha gesi inabaki na bado inapiga.

Sasa chupa. Mtoto akipuliziwa moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi inagonga koo na kuishia hapo. Inatakiwa ipitie kwenye chombo kwanza, na cha dukani kikikosekana, chupa ya maji ya nusu lita inafaa. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 1999 uliona chupa kama hiyo, ikizibwa vizuri, inawasaidia watoto waliobanwa sawa na chombo cha kiwandani. Kunja waya ufuate umbo la mdomo wa inhela, upashe kwenye makaa hadi uive, kisha ubandike kwenye kitako cha chupa mpaka plastiki iyeyuke. Inhela iingie kwa kubana. Penye mwanya ziba kwa gundi. Osha kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa, kwa sababu ukiisugua dawa itanata kwenye kuta za chupa. Tikisa inhela, mtoto abane midomo kwenye mdomo wa chupa, bonyeza mara moja tu, apumue taratibu mara tano au sita humohumo. Ndipo utikise tena, ubonyeze wa pili. Mdogo asiyeweza kubana midomo anahitaji chenye kifuniko cha uso, ulizia kliniki.

Kwa majirani nenda mwenyewe, na uende mapema. Nilimwendea mzee ambaye shamba lake linapakana na ua wetu. Baada ya shikamoo nikamweleza, naye akaniuliza, "Sasa mwanangu, mimi nikusaidieje? Umande haunisubiri." Salfa hupulizwa alfajiri, umande ungalipo, ishike kwenye maua. Nikamwambia, baba, nijulishe tu jioni. Mpaka leo akipanga kupuliza, mjukuu wake anakuja magharibi kusema, "Babu ataamka saa kumi." Basi mtoto analala kwa dada yangu upande wa pili wa kijiji, kwa sababu nyumba yetu ina uwazi kati ya ukuta na bati, na dirisha hata ulifunge vumbi linapita juu. Nguo naanua jioni. Baba yake akitoka kupulizia anavua nguo nje na kuoga kwanza, ndipo amshike mtoto. Na siku ya kubangua, moshi wa maganda ya korosho ni mkali kuliko wa kuni; kaa naye upande upepo unakotoka, au mpeleke mbali kabisa.

Ninyi majirani na ndugu, pumu haiambukizi. Msimtengee kikombe. Msimwambie mama yake kwamba mtoto atazoea inhela na kushindwa kuiacha. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nichelewe. Kama una bodaboda, mpe namba yako.

Maana kuna usiku wa kutosubiri: hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinazama akivuta hewa, midomo inageuka rangi, anasinzia, au mluzi umenyamaza ilhali bado anahangaika. Mpe ya bluu kama daktari alivyowaandikia, mkalishe wima katikati yako na dereva, ondokeni, na mkisimama mpe tena.

Likizo iliyopita alikwenda jandoni. Wengine walisema asiende. Nilikaa na baba yake mdogo, nikamfundisha chupa mpaka akaifanya mwenyewe mbele yangu mara tatu. Yeye ndiye aliyelala kule na mfuko wenye inhela mbili chini ya kichwa, akamlaza mtoto mbali na moto.