Bei ya taslimu na bei ya kadi: namna ya kuziandika dukani New York

Tangu tarehe 11 Februari 2024, mwenye duka katika jimbo la New York haruhusiwi kubandika bei moja kisha kumwongezea mteja asilimia kaunta kwa sababu tu katoa kadi ya mkopo. Bei ya kadi lazima ionekane nzima, kwa dola na senti, kabla ya kulipa. Faini hufika dola 500 kwa kila kosa.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya makato, yaani ada unayokatwa mteja akilipa kwa kadi. Chukua taarifa ya mwezi ya malipo ya kadi. Tenga kadi za mkopo peke yake. Ada ya kukodi mashine ya kadi na makato ya kadi za debiti (zinazotoa pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya mteja) usiyaingize. Ukiuza dola 18,000 kwa kadi za mkopo ukakatwa 486, gharama yako ni 2.7%. Usivuke hapo. Wauza mashine hupenda kukuwekea 4% bila kukuuliza. Sheria inataka usizidishe kile unachokatwa, na mtandao wa kadi wa Visa nao una kikomo chake cha 3%.

Hatua ya 2: Andika lebo. Kwa bidhaa ya dola 40:

- Sawa: "Taslimu $40.00, Kadi ya mkopo $41.08"
- Sawa: "$41.08", halafu unapunguza anayelipa taslimu
- Kosa: "$40.00", na karatasi mlangoni inayosema kadi huongezwa 2.7%

Hiyo ya tatu ndiyo inayowaponza wengi. Tangazo, hata liwe kubwa namna gani, halichukui nafasi ya bei.

Hatua ya 3: Kagua mashine. Kadi ya debiti haiongezwi kitu, kwa kanuni za mitandao ya kadi yenyewe, hata mteja asipoweka namba ya siri. Mashine huitambua kwa tarakimu za mwanzo za kadi, lakini nyingine zimepangwa kuongeza kwa kila malipo yasiyo taslimu. Basi nunua kitu kimoja mara tatu: kwa taslimu, debiti na mkopo. Risiti ya debiti ikisoma $41.08, mpangilio ni mbovu. Usifungue duka nao.

Mwenye tawi katika jimbo la Connecticut au Massachusetts asinakili mpango wa nyongeza: huko imekatazwa kabisa. Punguzo la taslimu linaruhusiwa.

Bidhaa iliyolipiwa kwa kadi ikirudishwa, rudisha $41.08 yote.