Kabla hujampeleka mtoto likizo kwa ndugu, haya yawe tayari

Wazazi wenzangu, likizo ndo hiyo na watoto washaanza kugawanywa, huyu kwa bibi Moshi, yule kwa mamdogo Mbagala, na maandalizi yetu yanaishia kwenye begi na nauli. Hayatoshi kabisa.

Uliza atalala chumba gani na nani, uliza wazi, usiogope kumkwaza shemeji. Na wa kiume muulizie vilevile, maana utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walishafanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, kwahiyo ile ya "huyu dume hana shida" tuiache.

Af mtoto mwenyewe. Sisi tumewafundisha watii kila mkubwa, akitumwa aende, akiitwa chumbani aitike, sasa usipomwambia kwa mdomo wako kwamba kuna mahali utii unaisha atajuaje? Mwambie sehemu zake za siri hashiki mtu, hata binamu hata babu, na mkubwa akisema "usimwambie mama" basi hiyo ndo ya kuja kuniambia kwanza, sitakuchapa hata kama ulipewa hela au simu ukapokea. Rudia hilo la kutochapwa, wengi wananyamaza kwa hofu ya fimbo. Namba yako aishike kichwani, na ukipiga ongea nae akiwa peke yake, sio spika imewekwa mezani mamdogo anasikiliza.

Dawa zake na kadi ya bima viende nae. Ulizia pia kama atakua mtoto wa likizo au msaidizi wa kazi, wapo wanaoishia kutembeza karanga juani na kula makombo, na huko ni kumtelekeza hata kama nyumba ni ya ndugu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote anaejua mtoto anayefanyiwa hivo atoe taarifa serikali ya mtaa, sio mzazi tu, hata jirani.

Namba ya kusevu ni 116, ni bure, ya kusaidia watoto. Ujue na kituo cha polisi cha karibu na huko chenye Dawati la Jinsia na Watoto, kwasababu likitokea la kubakwa au kulawitiwa masaa yanahesabika, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72 na mapema zaidi ndo bora. Asiogeshwe, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ichukuliwe polisi, ila hospitali ikiwa karibu zaidi aanzie huko. Kikao cha ukoo cha kuyamaliza kimyakimya usikikubali, hata aitishe babamkubwa.

Mwisho nauli ya kumfuata iwe pembeni, usiiguse, akipiga usiku anasema nataka kurudi usianze kumhoji kwanini, asubuhi panda basi.