Kabla Hujatia Jembe Kwenye Bustani Iliyovamiwa na Magugu Sugu

Bustani ya mboga ikiachwa msimu mmoja au miwili huota kila aina ya jani, lakini si kila jani ni la kukunyima usingizi. Kishona nguo, mchicha pori na mengine yanayoishi msimu mmoja ukiyakata usawa wa udongo kabla hayajatoa mbegu yamekwisha. Magugu ya kudumu ni habari nyingine. Hayo yana akiba ya chakula chini ya ardhi, na jembe la haraka halifanyi zaidi ya kuyakata vipande na kuyapanda upya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii huamuliwa kabla ya kulima.

Kwanza jua ulicho nacho. Fyeka sehemu ndogo, chimba shimo la majaribio lenye upana wa sentimita 30 kila upande na kina cha sentimita 40. Usivute gugu kwa mkono, litakatikia juu na usijue lolote. Toa bonge zima la udongo, ulipasue taratibu. Ukikuta mashina meupe membamba yenye vifundo, yanayokwenda mlalo na kuishia na ncha kali kama sindano, hiyo ni sangari au nyasi za jamii yake. Kipande chenye kifundo kimoja kinatosha kutoa mche mpya, na mengine hushuka chini kuliko jembe linavyofika. Ukoka hutambaa pande zote mbili, juu ya udongo na chini yake, ila haupendi kivuli hata kidogo.

Ndago itambue kwa vidole: shina lake lina pembe tatu. Chini utakuta vinundu vyeusi vyeusi, vimeungana kwa uzi mwembamba mfano wa shanga. Hapa ndipo wengi hukosea. Vinundu vikiwa vimeungana, cha mbele huvizuia vya nyuma visichipue. Ukikata uzi, vilivyokuwa vimelala huamka. Ndiyo sababu shamba la ndago lililolimwa mara moja likaachwa huonekana baada ya wiki chache limezidi kuliko lilivyokuwa. Kongwe, lile jani teketeke la maua ya buluu, lina ujanja wake: kipande cha shina kikiachwa juu ya udongo wenye unyevu huota mizizi, na baadhi ya aina zake hutoa mbegu hata chini ya ardhi. Magugu yenye mzizi mmoja mnene kama karoti ndiyo nafuu. Chimba pembeni yake, utoe mzizi mzima au angalau sehemu yote ya juu. Kichwa kikibaki, huchipua.

Ukishajua adui, pima nguvu zako. Chukua mita moja ya mraba, ichimbe kwa uangalifu hadi kina cha sentimita 30, ukiokota kila kipande, na uangalie saa. Zidisha muda huo kwa ukubwa wa bustani, kisha uongeze nusu yake, maana mwili huchoka. Jibu huwa linatisha, na ni vizuri litishe mapema. Mita 10 za mraba zilizosafishwa na kufuatiliwa zina faida kuliko mita 100 zilizolimwa mara moja zikatelekezwa. Sehemu usiyoifikia ifyeke tu kila baada ya wiki mbili au tatu, isitoe mbegu na isipate nafasi ya kuongeza akiba.

Unyevu wa udongo ndio unaoamua kama vipande vitatoka vizima. Chota udongo kutoka kina cha sentimita 15, uufumbate. Ukishikamana kisha ukavunjika unapougusa kwa kidole, chimba. Ukibaki donge la kunata, subiri siku mbili tatu, kwa sababu kuukanyaga udongo wa mfinyanzi ukiwa hivyo ni kuushindilia. Ukiwa mkavu kabisa, mashina ya chini yatakatika kila unapovuta. Lakini ukame nao una matumizi: kwa sangari na ukoka unaweza kugeuza mabonge makubwa wakati wa kiangazi, ukayaacha bila kuyavunja, jua likakausha mashina yaliyomo ndani. Chagua njia moja. Kuvunja mabonge kisha mvua ikanyesha kesho yake ni kuyaotesha magugu kwa mikono yako. Na pawatila, ile mashine ya kulimia yenye visu vinavyozunguka, usiilete kabisa katika hatua hii. Visu vyake hukata shina moja vipande kadhaa na kuvisambaza bustani nzima.

Vifaa ni vichache: fyekeo, jembe la meno (hili hulegeza udongo bila kukata sana kama jembe la bapa), reki, ndoo na turubai. Turubai si la mapambo. Kila kipande kilichotoka ardhini kiwekwe juu yake, kisiguse udongo, kianikwe juani hadi kivunjike kikavu kinapokunjwa. Vinundu vya ndago vinahitaji muda mrefu zaidi, mara nyingi wiki mbili za jua kali au zaidi. Kongwe hubaki hai siku nyingi hata imenyauka, hivyo usiamini rangi ya majani. Kusipokuwa na jua, zamisha vipande kwenye pipa la maji lenye kifuniko hadi vioze na kuwa uji. Usivitupe kwenye rundo la mboji: katikati kunaweza kupata joto la kuviua, lakini pembeni hakupati, na vitarudi bustanini pamoja na mbolea.

Usisahau mpaka. Kama jirani yake ni nyasi, unachosafisha leo kitavamiwa tena kutoka pembeni. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 30 kuzunguka eneo, uuache wazi, na kila unapopita ukate kinachochungulia.

Wanaopanga kufunika badala ya kuchimba wafikirie muda na nyenzo mapema. Maboksi ya karatasi ngumu yasiyo na gundi ya plastiki, yaliyolaliana kwa sentimita 20, juu yake matandazo ya sentimita 15, hudhoofisha nyasi nyingi. Mianya ndiyo humaliza kazi yote, kwa kuwa gugu hutafuta mwanga pale maboksi yanapokutana. Nailoni nyeusi huhitaji msimu mzima wa ukuaji, wakati mwingine zaidi. Kwa ndago usitegemee nailoni nyepesi: ncha yake huitoboa kama sindano. Nailoni angavu ya kupasha udongo joto kwa wiki 4 hadi 6 za jua kali huua mbegu zilizo karibu na juu, ila mashina ya kina kirefu huponea chini.

Kiuagugu kinachosafiri hadi mizizini, kama glaifoseti, kinafanya kazi pale tu gugu lina majani mabichi yanayokua. Kukipulizia juu ya nyasi zilizofyekwa jana au zilizonyauka kwa ukame ni kumwaga pesa. Angalia kama kinaruhusiwa unakoishi, fuata kipimo cha lebo, tumia maji safi (tope hukishika kikapoteza nguvu), usipulizie kukiwa na upepo au mvua inakaribia, kisha usichimbe kwa wiki mbili ili kishuke chini. Hata hivyo mara moja haitoshi kwa ndago. Vinundu vilivyolala havikipokei.

Weka tarehe za kurudi kabla ya siku ya kwanza ya kuchimba. Mzunguko mzuri ni kila wiki mbili, usizidi tatu, kwa sababu ndago ikiachwa zaidi ya hapo huanza kutengeneza vinundu vipya. Kila chipukizi unalolitoa lingali changa limetumia akiba bila kuirudisha. Kama hutakuwepo mwezi mzima, ahirisha kuchimba, ufunike.

Amua pia nini kitafuata, maana udongo mtupu haukai mtupu. Msimu wa kwanza usipande karoti wala vitunguu; vina kivuli kidogo na palizi yake ni ya kuchokonoa. Viazi vitamu, maboga, kunde au fiwi hufunika ardhi haraka, na kivuli hicho huumiza ukoka na ndago. Ila palilia wiki za mwanzo, kabla majani hayajakutana.

Mwisho, kagua kinachoingia: samadi, udongo wa kununua, miche ya vifuko. Kifuko chenye jani moja tu lenye shina la pembe tatu kipasulie juu ya turubai, na kama kina kinundu, mche huo usiuingize bustanini.