Majumba ya Mji Mkongwe kwa lenzi pana: kuta zikae timazi

Jumba halienei kwenye picha, kwa hiyo mpiga picha anainua kamera juu. Papo hapo kuta zinaanza kusogeleana kileleni na jumba linaonekana linaanguka chali. Lenzi haina kosa. Sensa (bapa la ndani ya kamera linalopokea picha) isipokuwa sambamba na ukuta, mistari ya wima hukutana. Lenzi pana, ile inayomeza eneo kubwa, inaianika kasoro hiyo zaidi kwa sababu ndiyo inayokushawishi usimame karibu. Washa pimamaji ya ndani ya kamera pamoja na mistari ya gridi, kisha usiinue wala kuinamisha. Barabara tupu itajaa chini ya picha. Hiyo utaikata baadaye.

Kabla ya kufungua stendi, piga hesabu. Kwa kamera ya sensa kamili (mm 36 kwa 24) iliyogeuzwa wima, gawanya 18 (nusu ya mm 36) kwa urefu wa fokasi, yaani namba ya mm iliyoandikwa kwenye lenzi. Lenzi ya mm 16 inatoa 1.125: kila mita unayorudi nyuma inakupa mita 1.125 juu ya usawa wa kamera. Jumba la mita 12, kamera ikiwa mita 1.6 kutoka chini, linataka urudi mita 9 na ushee. Kwa mm 24 ni karibu mita 14. Wenye sensa ndogo ya APS-C watumie 12 badala ya 18.

Barabara ya Mizingani, mbele ya Zahanati Kongwe, nafasi hiyo ipo. Vichochoroni haipo, na dawa yake ni kupanda. Piga hodi nyumba ya mkabala, omba dirisha au roshani ya juu. Kamera ikiwa mita 6 kutoka chini, jumba lile lile la mita 12 linaenea ukiwa umbali wa mita 5 na nusu tu, kwa kuwa sasa lenzi inagawa urefu nusu juu, nusu chini. Ukikosa ruhusa, acha jumba zima. Mlango wa nakshi na roshani iliyo juu yake ni picha tosha.

Mipangilio si kazi kubwa: ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, kifyatuo kicheleweshwe sekunde 2, na kizuia mtikisiko kizimwe kamera ikiwa kwenye stendi. Kwa mm 16 na f/8, ukifokasi kwenye mita moja hivi, kila kitu kuanzia nusu mita hadi mbali kabisa kinatoka safi. Kufunga tundu hadi f/22 kunalainisha picha bure.

Ukuta wa chokaa huidanganya kamera: inauona mweupe mno na kuutoa wa kijivu. Ongeza mwanga kwa hatua 2/3 hadi 1 (hatua moja ni mwanga maradufu). Kichochoroni giza likiwa chini na mbingu inawaka juu, piga picha tatu zilizopishana hatua 2, uziunganishe. Majumba yanayotazama bahari ya Forodhani hupata jua alasiri. Saa sita mchana roshani zinamwaga vivuli vyeusi ukutani. Jua likishazama, mbingu ya buluu haidumu sana, dakika ishirini hivi, kwa hiyo stendi iwe tayari mapema.

Filta ya polaraiza (kioo cha kupunguza mng'ao) iache mfukoni. Kwenye lenzi pana huacha doa la giza upande mmoja wa mbingu. Watu nao wasikae pembeni mwa picha, watavutika vichwa kama mayai. Waweke karibu na katikati.

Kwenye kompyuta, anza na wasifu wa lenzi (marekebisho ya lenzi yako yaliyomo kwenye programu ya picha) ili kuondoa mbinuko wa mistari, ndipo unyooshe wima. Kunyoosha kunakula kingo, hivyo wakati wa kupiga acha nafasi pande zote. Na jumba refu ulilolipiga kwa kuinua kamera usilinyooshe lote: jicho limezoea kuta zinazosogeleana kidogo, na likinyooka kabisa linaonekana limevimba kichwani.