Somo: Kufundisha Sheria ya Ohm kwa programu ya PhET katika shule isiyo na intaneti

Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha unapokaribia, wanachuo wa ualimu wa fizikia huniuliza swali lile lile: nitatumiaje teknolojia darasani ilhali shule niliyopangiwa haina intaneti? Ninaliandika jibu hapa mara moja, ili kila atakayeuliza aelekezwe kwenye somo hili. Nitatumia mfano wa Sheria ya Ohm, isemayo kwamba mkondo wa umeme huongezeka sawia na volti iwapo ukinzani (uzuiaji wa mkondo) haubadiliki, na programu za uigo za PhET, yaani programu zinazoigiza majaribio ya sayansi kwenye skrini, ambazo zilianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, na hupatikana bure.

Hatua ya 1. Andika andalio la somo kabla ya kuwasha kompyuta.

Hatua ya 2. Ukiwa bado chuoni, fungua tovuti ya PhET na utafute programu iitwayo Circuit Construction Kit: DC.

Hatua ya 3. Pakua faili lenyewe. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Kuhifadhi anwani ya ukurasa si kupakua, na kubonyeza Ctrl na S huhifadhi ukurasa wa nje tu, hivyo mara nyingi uigo wenyewe hautafunguka utakapokuwa mbali na mtandao. Tafuta alama ya mshale unaoelekea chini, uibonyeze, na uhakikishe kwamba umepata faili moja la HTML. Kisha zima Wi-Fi, zima data ya simu unayoshiriki na kompyuta, funga kivinjari kabisa, na ulifungue faili upya. Tahadhari kuhusu hiyo data ya simu: kompyuta huweza kuwa imeunganishwa nayo pasipo wewe kutambua, ukaamini kwamba faili linajitegemea, na ukweli ukaupata mbele ya wanafunzi na mkufunzi aliyekuja kukukagua.

Hatua ya 4. Nakili faili kwenye flashi mbili.

Hatua ya 5. Siku moja kabla ya kipindi, unganisha kompyuta na projekta ya shule. Projekta nyingi za zamani zina tundu la VGA, ilhali kompyuta mpya huwa na HDMI pekee, kwa hiyo beba kigeuzi. Picha isipotokea, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, uchague skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja.

Hatua ya 6. Darasani, jenga saketi (njia kamili ya umeme) yenye betri, swichi, rezista (kifaa chenye ukinzani) na ammita (kipima mkondo), kisha unganisha voltmita (kipima volti) kwenye ncha mbili za rezista. Kwa volti 9 na ohm 10, ammita itasoma ampea 0.9. Kabla hujapandisha volti hadi 18, mtake kila mwanafunzi aandike daftarini anachotarajia na sababu yake. Usiiruke sehemu hii kwa kisingizio cha muda, kwa sababu mwanafunzi aliyekwisha kukisia hutazama skrini akiwa na swali lake mwenyewe.

Hatua ya 7. Jazeni jedwali la volti na mkondo ubaoni, kisha kila mwanafunzi achore grafu yake kwa mkono.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, faili langu linaonyesha ukurasa mweupe tu. Tatizo ni nini?
Jibu: Soma tena hatua ya 3, hasa maneno yanayohusu Ctrl na S.

Swali: Naomba unitumie faili pamoja na andalio lililokamilika, nakaguliwa kesho.
Jibu: Faili linapakuliwa bure. Andalio sitakutumia, kwa kuwa wanafunzi wako siwajui, na mkufunzi atakuuliza wewe kwa nini ulipanga hivyo.

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Nilijaribu maabara kwa balbu halisi badala ya rezista, na grafu ikapinda, lakini kwenye programu balbu ilitoa mstari ulionyooka. Je, nilikosea?
Jibu: Marahaba. Hukukosea hata kidogo, na ninafurahi kwamba ulilinganisha. Balbu ya programu hii, kama hujabadilisha chochote, ina ukinzani usiobadilika. Balbu halisi ina uzi wa tungsteni, na ukinzani wa metali huongezeka kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo ukizidisha volti mara mbili, mkondo hauongezeki mara mbili. Seli kavu nazo zina ukinzani wa ndani, hivyo volti zake hushuka kidogo zinapotoa mkondo. Kwa jaribio halisi la Sheria ya Ohm tumia waya wa nikromu, unaopatikana hata kwenye koili la jiko bovu la umeme, kwa sababu ukinzani wake haubadiliki sana kwa joto. Balbu yako ihifadhi kwa kipindi kinachofuata na uwaulize wanafunzi swali hili hili.

Swali: Nitumie Kiswahili au Kiingereza?
Jibu: Mtihani wa fizikia wa sekondari nchini Tanzania hufanywa kwa Kiingereza, kwa hiyo istilahi za skrini ziache kwa Kiingereza na ufafanue kwa lugha wanayoielewa.

Nyongeza ya mwanachama: Darasa langu lina mwanga mkali, nikaziba madirisha ya mbele kwa vitenge viwili na picha ikaonekana vizuri.
Jibu: Ahsante, Mwalimu. Acha madirisha ya nyuma wazi, ili wanafunzi waone kuandika.

Swali: Umeme ukikatika katikati ya kipindi?
Jibu: Chaji kompyuta usiku uliotangulia, na makundi ya wanafunzi wasogee kwenye skrini yake kwa zamu. Wanaosubiri wape seli kavu, waya, rezista na ammita ya maabara, wapime wenyewe.