Somo: Maji matamu yanakaaje chini ya mchanga wa Shela

Kisiwa cha Lamu hakina mto, na bahari imekizunguka pande zote. Hata hivyo maji matamu ya mji yanatoka humu humu kisiwani, kwenye visima vilivyo katika vilima vya mchanga vya Shela. Fanyeni somo hili nyumbani pamoja na watoto. Naamini mtu akishaliona jambo hili kwa macho yake, hatakubali vilima vile vichezewe.

Tafuta bilauri ya kioo, maji ya bahari, chai ya rangi kali iliyopoa kabisa, mtungi wa plastiki unaoonyesha ndani, na bomba la sindano lisilo na sindano yake. Chai isiwe na sukari, maana sukari huifanya nzito ikazama. Mchanga uwe wa mabaki ya ujenzi, si wa vilimani.

Hatua ya 1. Jaza bilauri nusu kwa maji ya bahari. Mimina chai polepole juu ya mgongo wa kijiko. Itakaa juu, kama mafuta juu ya mchuzi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, ndiyo maana ni mazito kuliko maji ya mvua.

Hatua ya 2. Kata mtungi sehemu ya juu. Rundika mchanga uegemee upande mmoja, kisha tia maji ya bahari mpaka nusu ya kimo cha kilima. Sasa nyunyiza chai kileleni, kidogo kidogo, usiharakishe. Tazama kwa ubavuni: chai inashuka, inafika kwenye maji ya chumvi, inayasukuma chini na kutanda juu yake. Katikati ni nene, pembeni ni nyembamba. Masika ya kila mwaka hufanya kazi hiyo hiyo Shela. Mchanga hunywa mvua upesi kabla jua halijaivukiza, na tabaka la juu likikauka huyafunika maji yaliyo chini.

Hapa pana hesabu ambayo kila mwenye kisima anapaswa kuijua. Mjerumani Herzberg aliieleza mwaka 1901 baada ya kuchunguza visima vya visiwa vya Bahari ya Kaskazini, na Mholanzi Badon Ghijben alikuwa ameshaifikia kabla yake. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna mita 40 hivi chini ya usawa huo. Igeuze: maji ya kisima yakishuka sentimita 10 na kubaki hapo, hatimaye chumvi hupanda mita 4.

Hatua ya 3. Chomeka bomba katikati ya kilima na uvute kwa nguvu. Mwanzo utapata chai, kisha rangi itafifia. Onja: chumvi imepanda.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mimi nilifunzwa kwamba mchanga ndio unaochuja chumvi ya bahari. Si kweli?

Si kweli, ndugu yangu. Chumvi imeyeyuka majini na hupita na maji. Pitisha maji ya bahari kwenye mchanga safi, kisha uonje. Maji ya Shela ni matamu kwa sababu yalikuwa mvua.

Kisima chetu Langoni ni kitamu wakati wa masika, lakini kaskazi ikikaza kinaingia munyu. Tukichimbe zaidi?

La, dada, usichimbe. Ukienda chini unaifuata chumvi. Teka kidogo kidogo asubuhi na jioni, na mashine ya kuvuta maji isiachwe ikivuta mfululizo.

Kisiwa jirani cha Manda pia kinanyeshewa mvua. Mbona hakina maji kama yetu?

Manda kwa sehemu kubwa ni mwamba wa matumbawe ya kale, wenye mianya na matundu. Bahari hupenya humo kwa wepesi, na maji matamu hayapati nafasi ya kutanda yakawa mengi.

Tukichota mchanga nyuma ya kilima, kuna madhara gani? Mvua si itaendelea kunyesha?

Itanyesha, ila shimo huyasogeza maji karibu na jua, yakavukizwa. Pia uchafu wa juu, hasa wa vyoo, hufika kisimani haraka kwa kuwa mchanga wa kuuchuja umepungua. Wenye kujenga na waagize mchanga kutoka kwingine, hata kama gharama ya jahazi inauma.

Kilima changu cha mtungini nikiache siku ngapi?

Kimwage leo leo, watoto wasije wakanywa ile chai.