Namna ya kupima ulinzi wa timu ya chuo kabla ya msimu

Katika futiboli ya Marekani ya vyuo, usianze na pointi zilizoruhusiwa mwaka jana. Anza na majina: kati ya walinzi 11 wa kikosi cha kwanza, nani amebaki? Safu ya mbele ihesabu peke yake, maana ikilegea hiyo, walio nyuma watakimbizwa mpaka wachoke. Chuo cha Ohio State walitwaa ubingwa wa msimu wa 2024, kisha wakaondokewa na wote 4 wa mbele, na kocha wao wa ulinzi, Jim Knowles, akahamia Penn State. Nafuu yao ilikuwa mlinzi wa nyuma Caleb Downs, aliyebaki kikosini kuwasomea mchezo. Mlinzi wa aina hiyo hufunika makosa mengi ya wenzake.

Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Basi tazama wastani wa yadi ambazo wapinzani walipata kwa kila jaribio, na ni mara ngapi walizikamilisha hizo 10 kwenye jaribio la 3. Mipira iliyodondoka na kuokotwa isikudanganye: ule mpira umechongoka, hudunda ovyo.

Waliotoka vyuo vingine wapime kwa mechi walizoanza, si kwa sifa. Kocha akiwa mpya, mwanzoni tegemea makosa ya mpangilio, hasa kwenye pasi ndefu.